Chombo Hakiishi Kushonwa: Historia Fupi ya Matengenezo, Kutoka Mtepe Hadi Mashua za Ziwa Turkana

Leo tunaweka seva na hifadhidata kando kidogo. Leo ni habari za vyombo vya matanga.

Najua kuna watakaocheka. Mimi ni mtu wa Lokiriama, kule Loima mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako mzigo hubebwa na punda na ngamia, na maji huchimbwa kwenye mchanga wa laga. Mtu wa Lokiriama anajua nini kuhusu mlingoti na usukani?

Ni kazi iliyonifikisha huko. Kikundi kimoja cha wavuvi wa Kalokol, takriban kilomita 60 kutoka Lodwar, kilitaka programu ndogo ya kuweka hesabu zao: samaki waliouzwa, pesa zilizoingia, pesa zilizotoka. Nilipokuwa nikipanga jedwali la matumizi niliona jambo. Ununuzi wa mashua ulihitaji mstari mmoja tu. Matengenezo yalihitaji ukurasa mzima: mbao, misumari, pamba, lami, rangi, kamba, uzi wa kushonea tanga. Mashua hununuliwa mara moja, lakini hutengenezwa maisha yake yote.

Basi nikaanza kusoma. Historia ya vyombo tuliyofundishwa shuleni ni historia ya safari: nani alifika wapi, mwaka gani, akapokewa na mfalme gani. Ni nadra kusikia nani aliziba mashimo ili chombo kifike. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo penye hadithi yenyewe. Nitakueleza kwa lugha yetu ya matoleo: toleo la kwanza, toleo la pili, na kuendelea.

Toleo la kwanza: chombo cha kushonwa

Kuna kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza. Ni mwongozo wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi: bandari gani iko wapi, inauza nini, inanunua nini. Kwenye pwani ambayo leo ni ya Tanzania kinataja mji uitwao Rhapta, na kinaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwa huko. Fikiria hilo kidogo. Karibu miaka 2,000 iliyopita mgeni anafika kwetu, na kinachomshangaza mpaka kikaupa mji jina ni namna watu wanavyounganisha mbao.

Ruka miaka mingi. Machi 1498 Vasco da Gama yuko Kisiwa cha Msumbiji. Mtu wa msafara wake anayeandika habari za kila siku anasema vyombo vya hapo ni vikubwa, havina misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni ya mikeka. Teknolojia ile ile, baada ya karne 14! Ni programu gani unayoifahamu imedumu hata miaka 40?

Chombo maarufu zaidi cha aina hii katika pwani yetu ya Kenya ni mtepe. Wajenzi wake wakubwa walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Mbao zilitobolewa kandokando, zikashikizwa kwa vijiti vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lilikuwa la mraba, mkeka uliosukwa kwa miyaa. Na wafugaji wenzangu mtalipenda hili: sehemu ya mbele ya mtepe ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, na husimuliwa kwamba ni kwa kumkumbuka ngamia aliyependwa na Mtume Muhammad. Kwa hiyo ngamia amewahi kusafiri baharini kwa mamia ya miaka, nasi wa huku bara hatukuambiwa :-)

Sasa tufike kwenye matengenezo. Kamba ya makumbi huoza. Huchakaa pale inapopita kwenye tundu, hulegea, na maji huingia. Mtepe ulisifika kwa kuvuja: ukiwa safarini lazima kuwe na mtu wa kufua maji, ndoo baada ya ndoo, mchana na usiku. Na vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Hindi vilihitaji kufumuliwa kamba za zamani na kushonwa upya kila mwaka au kila baada ya miaka michache. Mbao zile zile, kamba mpya. Halafu hupakwa mafuta. Msafiri Ibn Jubayr, aliyeviona vyombo vya kushonwa kule Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliandika kwamba vilipakwa samli au mafuta, na kwamba yaliyo bora kuliko yote ni mafuta ya papa. Watu wa pwani yetu wanayajua: ndiyo sifa, ambayo ukiipaka kwenye mbao utainusa kabla hujaiona bandari.

Je, mababu hawakujua chuma?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu huniuliza. Kama chombo kinavuja hivyo, kwa nini wasipige misumari? Hawakuwa na chuma?

Walikuwa nacho. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, anataja chuma kuwa ndicho kilichowaletea watu wa Malindi faida kubwa kuliko biashara nyingine. Watu wanaouza chuma nje hawawezi kusemwa kwamba hawana chuma cha kutengeneza misumari. Walichagua kushona.

Sababu moja aliitoa Ibn Battuta katika karne ya 14. Alisema bahari hii ina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kushonwa hupinda kidogo na kupona. Kamba inalegea, mbao inahamia, chombo kinaendelea. Sisi tunaoandika programu tunajua tofauti hiyo. Kuna mfumo ambao ukipata hitilafu moja unaanguka wote, na kuna mfumo ambao unapoteza kipande kimoja na kuendelea kufanya kazi.

Sababu ya pili naiona mimi nikiwa mtu wa kazi hii. Hebu tazama orodha ya vitu vilivyohitajika kuutengeneza mtepe. Kamba: makumbi ya nazi. Tanga: miyaa. Mafuta: samaki. Vijiti: msitu wa karibu. Kila kitu ambacho chombo kilikitegemea kiliota nyuma ya nyumba ya baharia au kiliogelea mbele yake. Chombo kikipasuka mbali na nyumbani, popote penye mnazi pana karakana. Hakuna kungoja meli ya vipuri. Hakuna kuomba ruhusa. Aliyekisafirisha ndiye aliyejua kukishona.

Toleo la pili: msumari na deheni

Lakini tusidanganyane. Kazi ya kufumua na kushona upya chombo kizima ni kazi kubwa. Inakula siku, inakula mikono. Baada ya Wareno kuingia kwenye bahari hii ujenzi wa misumari ulienea polepole, na pwani ikawa na jahazi na mashua zilizopigiliwa kwa chuma. Mtepe haukufa siku moja. Ulikaa kando ya jahazi kwa karne kadhaa, ukibeba boriti za mikoko, mpaka kufikia miaka ya 1930 ulipokuwa karibu umekwisha. James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941 alikuwa akiandika kama mtu anayewahi jeneza.

Jambo ninalotaka mlione ni hili: watu wa pwani walipoboresha chombo, hawakuitupa elimu ya matengenezo. Waliihamisha. Mhunzi wa mtaani alifua misumari. Jahazi bado lilihitaji mwenyewe, na mwenyewe bado aliweza.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unangoja bamvua, maji yanapojaa sana, unakipandisha chombo juu ya mchanga na kukiegemeza kwa magogo. Maji yakitoka chombo kinabaki kikavu. Unawasha makuti makavu na kuupitisha moto kwenye ubavu wa chini ili kuua wadudu wanaotoboa mbao na kukausha majani ya bahari. Unaparua. Kisha kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inasokomezwa kwa patasi na nyundo kwenye kila mwanya kati ya mbao na mbao. Juu ya yote hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Hukauka ikawa nyeupe na ngumu. Wadudu hawaipendi. Baada ya muda hubanduka, nawe unarudia.

Na lini? Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kalenda ya matengenezo ilikuwa ndani ya pepo zenyewe. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Kusi inapochafuka, katikati ya mwaka, bahari haifai kwa chombo kidogo. Chombo kinakaa pwani. Wakati huo ndio wa kukalafati, kushona viraka vya tanga, kukagua foromali, kubadilisha kamba za kuvutia tanga. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha nahodha kwamba ni wakati wa matengenezo, kwa maana upepo wenyewe ulimfungia mlango. Sisi tumejenga mifumo inayofanya kazi saa 24, siku 365, halafu tunashangaa kwamba hakuna siku iliyotengwa kwa ajili ya kuitunza.

Toleo la tatu: mashine, halafu plastiki

Karne ya 20 ikaleta injini. Leo majahazi na mashua nyingi za Lamu zina mashine, na sitamlaumu mtu yeyote. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali hawezi kungoja kaskazi. Ila tazama kilichotokea kwenye ile orodha. Tanga likichanika, mwenyewe analishona. Mashine ikivunjika kipande kidogo cha chuma, kipande hicho hutoka ng'ambo ya bahari, hupita bandarini, hupita dukani, na kila mahali kinapopita kinaongezeka bei. Uwezo wa kwenda haraka tumeupata. Uwezo wa kujitengenezea tumeupunguza. Baharia mwenye akili huweka vyote viwili: mashine nyuma, na tanga limekunjwa tayari.

Kisha kuna toleo ambalo mababu wasingelitabiri. Mwaka 2018 kule Lamu kilishushwa majini chombo kiitwacho Flipflopi, chenye urefu wa takriban mita 9, kilichojengwa kwa tani 10 hivi za taka za plastiki na kufunikwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, mjenzi wa vyombo wa Lamu. Plastiki iliyeyushwa, ikafanywa mbao na mataruma, halafu ikakatwa na kuunganishwa kwa njia za kawaida za fundi wa jahazi. Mwanzoni mwa 2019 kilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, kilomita 500 hivi, na mwaka 2021 kikaonekana Ziwa Victoria.

Wengi walikitazama kama kampeni ya mazingira, na ni kweli. Mimi nilikitazama kwa jicho la kazi. Malighafi mpya kabisa imeingia kwenye mikono ya zamani, na mikono ikaimudu. Hiyo inawezekana tu mahali ambapo ufundi haujakatika. Ukikatika, hata ukiletewa mbao bora duniani hutajua uanzie wapi.

Zanzibar tunao mfano wa upande wa pili. Mtepe mmoja wa ukubwa kamili ulijengwa mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ili watu wauone tena. Jengo lenyewe sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, wakati likifanyiwa ukarabati, sehemu kubwa ikaporomoka na watu wawili wakafa. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuongeza kwamba ufa wakati mwingine huua.

Turudi nyumbani: ziwa letu

Sasa tuje Turkana. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 250 na ndilo kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani. Teleki na von Höhnel walilifikia mwaka 1888 wakaliita Rudolf, jina lililokaa mpaka 1975. Upepo wake si mchezo. Upande wa mashariki, karibu na Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, na haikuwekwa pale kwa bahati nasibu. Upepo huo huo ndio uwezao kulisukuma tanga, na ndio uuao. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa kisayansi wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena.

Wenyeji waliyajua maji hayo kwa njia yao. El Molo walitumia chelezo za magogo ya mikoma, mti ule ule ambao Waturkana tunauita eng'ol. Chelezo haihitaji kalafati, kwa kuwa haina ndani. Gogo likilowa sana unatafuta jingine. Ni mfumo mdogo usio na kitu cha kuharibika, na kuna siku huo ndio mfumo bora.

Mashua za mbao zilienea upande wetu wa magharibi wakati uvuvi ulipokuwa biashara, na katika miaka ya 1960 wavuvi na mafundi kutoka Ziwa Victoria walikuwa miongoni mwa waliofundisha kazi hiyo. Ukiume wa miaka ya 1970 uliwasukuma Waturkana wengi zaidi ziwani, kwa maana mifugo ilikuwa imekufa.

Halafu ikaja hadithi ambayo kila mtu wa Lodwar anaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norwe, kilijengwa Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki. Kiwanda kizuri, cha kisasa. Lakini kugandisha samaki jangwani kunahitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ilizidi thamani ya samaki. Muda mfupi tu na mashine zikanyamaza. Ukame ukalirudisha ziwa nyuma, Ghuba ya Ferguson ikakauka katikati ya miaka hiyo ya 1980, na mwaka 1990 uhusiano wa kibalozi kati ya Kenya na Norwe ukavunjika, misaada ikasimama. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu. Samaki wakavu! Teknolojia ya jua na chumvi, ambayo haikuhitaji kipuri hata kimoja, iliingia ndani ya nyumba ya teknolojia iliyoshindwa.

Sisemi kwamba waliojenga walikuwa wajinga au wabaya. Nasema swali moja halikupata jibu la kutosha: siku ya 1,000, nani atalipa umeme, na nani ataitengeneza mashine?

Nenda ufukweni leo uone kilichobaki kikifanya kazi. Mashua za mbao, nyingi zimeegemea ubavu kwenye mchanga zikingoja fundi. Nimeona tanga lililoshonwa kwa magunia, viraka juu ya viraka, mpaka huwezi kusema gunia la kwanza lilikuwa lipi. Maji ya ziwa yana magadi na chuma huliwa haraka, kwa hiyo misumari ni ugonjwa wa kudumu. Nilimkuta mzee mmoja akisokomeza pamba na lami kwenye ubavu wa mashua, nikamuuliza, "Mzee, mashua hii ina miaka mingapi?"

"Unauliza upande gani, kijana?" akanijibu bila kugeuka. "Ubavu huu ni wa mwaka jana. Ule ni wa juzijuzi. Mkuku huo ulinunuliwa na baba yake huyu mwenye mashua."

Nikamwambia basi mashua ni mpya na ni ya zamani kwa pamoja. Akasema, "Mashua ni ile inayorudi na watu."

Sijasikia ufafanuzi bora wa mfumo unaofanya kazi, na nilikaa chuo kikuu miaka minne.

Kiraka ni kiraka

Kiswahili kimetupa neno zuri. Kiraka cha tanga na kiraka cha programu ni neno moja. Na kasoro yetu ni moja vilevile: tunasherehekea anayezindua, tunamsahau anayeziba.

Aprili 2014 dunia iligundua hitilafu iliyoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya tovuti duniani. Mabenki, maduka, serikali, wote walikuwa wakiitumia. Ndipo ikajulikana kwamba ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, na michango waliyopata ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka. Jahazi limebeba mzigo wa dunia nzima, na anayefua maji hana hata chai.

Miaka 10 baadaye, Machi 2024, ikawa zamu ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, amechoka. Mtu mwenye jina la bandia akajitokeza kumsaidia, akajenga uaminifu kwa miaka miwili, kisha akaficha mlango wa siri ndani yake. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliugundua kwa sababu aliona muunganisho unachelewa nusu sekunde hivi na hakupuuza. Hilo ni sikio la baharia anayesikia mbao ikilia kabla maji hayajaingia.

Huku kwetu mambo ni madogo lakini sura ni ile ile. Kuna ofisi moja, sitaitaja, iliyonilipa vizuri kujenga mfumo wa kuandikisha watu. Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, viti, hotuba na soda. Nilikuwa nimeweka kwenye makadirio mstari mmoja wa matengenezo ya mwaka. Ukafutwa. Nikaambiwa, "Kwani mfumo wako utaharibika?" Mwaka ulipoisha jina la tovuti halikulipiwa, mfumo ukazimika, na akina mama waliokuwa wakitoka mbali kuja kuangalia majina yao wakarudishwa kwenye foleni ya karatasi. Nilikutana na wengine kama wao Kakuma na Lodwar. Hao ndio wanaolipa gharama ya mstari uliofutwa.

Mkataba ambao hushonwa kila mwaka

Nimalizie kwa jambo la kwetu, maana nilisema mimi ni mtu wa Lokiriama.

Lokiriama haijulikani kwa mashua. Inajulikana kwa amani. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa upande wa Uganda, waliokuwa wameuana na kunyang'anyana mifugo kwa muda mrefu, walikutana hapo wakafanya mkataba. Silaha zilizikwa. Pana mnara wa ukumbusho. Mikataba mingi ya amani imeandikwa katika nchi hizi za wafugaji, mingine kwa karatasi nzuri na mihuri, na mingi imesahauliwa. Huu wa 1973 bado unatajwa.

Kwa nini? Jibu langu ni kwamba watu hawakuuacha ujitunze wenyewe. Kila mwaka, kwa kawaida Septemba, watu wa pande mbili hukusanyika Lokiriama kuukumbuka. Wazee husema tena yaliyokubaliwa, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1973 husikia, na malalamiko ya mwaka huo, ng'ombe huyu, kisima kile, hutolewa hadharani kabla hayajawa vita. Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walitia saini makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani kule Moroto, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Saini hizo ni muhimu. Lakini saini ni siku ya kukishusha chombo majini. Septemba za kila mwaka ndizo kamba mpya kwenye matundu yale yale.

Wazee wetu hawajui mtepe, na Wabajuni walioushona hawakuijua Lokiriama. Ila wote walikubali jambo moja ambalo sisi wa kizazi cha kuzindua hatupendi kulikubali: kitu kizuri huanza kuvuja siku ile kinapokamilika, na hilo si aibu. Aibu ni kutoweka mtu wa kufua maji.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama unasimamia mashua, mfumo wa kompyuta, kisima, shule au mkataba, fungua jedwali lako leo. Tafuta safu ya matengenezo. Kama haipo, iongeze, na pembeni yake andika jina la atakayefanya kazi hiyo na vitu atakavyotumia. Kama vitu hivyo haviwezi kupatikana mahali ulipo, tafuta vingine kabla hujanunua.